Gari Likikusumbua Kwenye Nyika ya Australia na Uko Peke Yako: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Baba yangu aliendesha malori kati ya Singida na Mwanza, nami likizo nyingi za shule nilizimalizia kwenye kabini yake. Gari likizima, utingo aliruka chini, akakata matawi, akayapanga barabarani nyuma ya tela. Kabla hajarudi, watu walikuwa wameshatokea: mtoto na sinia la karanga, mzee na baiskeli, fundi ambaye hakuna aliyemwita. Ubovu wa gari letu uligeuka shughuli ya kijiji kizima.

Miaka mingi baadaye nilikuwa peke yangu kwenye njia ya vumbi ya Oodnadatta, jimbo la Australia Kusini, nikitoka Marree kwenda Marla. Baada ya kuipita William Creek, tairi la nyuma likaisha upepo. Nilishuka, na bila kufikiri nikaanza kutafuta matawi kwa macho. Hapakuwa na mti. Hapakuwa na mtu, wala moshi, wala mbwa anayebweka kwa mbali. Nilibadilisha tairi, nikakaa kwenye kivuli cha gari nikinywa maji kwa dakika 40, na muda wote huo hakupita yeyote.

Wengi wetu tunaoishi Perth, Adelaide au Brisbane tunajiona tumeiva kwa safari hizi. Vumbi tumelizoea, mashimo tumeyazoea, Landcruiser mkonga tunaijua tangu utotoni, na ukiwa umetoka Kenya, Uganda au Tanzania hata upande wa kushoto wa barabara ni uleule. Yote hayo ni kweli. Tusichokizoea ni utupu. Hitilafu ambayo Manyoni ingekupotezea saa mbili, huku inaweza kukumaliza, na mara nyingi kinachoua ni jua, kiu, na miguu iliyoamua kuondoka kwenye gari.

Maswali mawili kabla hujafungua boneti

Dalili yoyote ikitokea, simama pembeni mahali pagumu, zima redio, jiulize: nina lita ngapi za maji? Na watu walio karibu wako umbali gani, mbele au nyuma?

Majibu yake huyapati wakati wa tatizo. Unayaandaa asubuhi. Mimi hubandika karatasi kwenye dashibodi, na kila kituo cha mafuta naandika kilomita zinazosomeka na saa niliyoondoka. Maji nabeba kwa hesabu ya lita 10 kwa kila siku ya safari, halafu naongeza ya siku kadhaa za kukwama, na nayagawa kwenye madumu madogo, kwa sababu dumu moja kubwa likipasuka umekwisha. Maji ya rejeta yana dumu lake. Usiyachanganye na ya kunywa hata kwenye mawazo yako, maana siku injini itakapochemsha utashawishika kuyamimina yote.

Geji ya mafuta inashuka kuliko ulivyopiga hesabu

Kwanza angalia upepo. Kwenye tambarare ya Nullarbor, ambako kuna kipande cha barabara kilichonyooka kilomita 146.6 bila kona hata moja, upepo wa mbele unaweza kukusukuma siku nzima nawe usiuone, kwa kuwa hakuna mti wa kuyumba. Gari linakula mafuta kana kwamba linapanda mlima. Chanzo cha pili ni kasi. Jimbo la Kaskazini linaruhusu kilomita 130 kwa saa kwenye sehemu za Stuart Highway, na mgeni akiona kibao hicho anadhani ameamriwa. Shusha hadi 90, funga madirisha, kisha tazama geji kwa kilomita 50. Ikitulia, chanzo umekipata. Mzigo uliofungwa juu ya paa nao unakula mafuta sana kwa mwendo wa kasi. Hamishia ndani unachoweza.

Isipotulia, simama uingie chini ya gari. Harufu ya mafuta au alama ya unyevu kwenye tangi maana yake jiwe limetoboa. Hapa sabuni ya kipande, ile ngumu ya kufulia, ina kazi kubwa: isugue kwenye ufa mpaka ijae, nayo itaganda na kuzuia mvujo kwa muda wa kukufikisha. Mafundi wa kwetu wanaifanya, na wachunga ng'ombe wa nyikani huku wanaifanya vilevile.

Umbali wenyewe uujue kwa moyo. Kati ya Glendambo na Coober Pedy, kwenye lami safi ya barabara kuu, ni kilomita 250 hivi bila kituo chochote. Njia ya Oodnadatta ni kama kilomita 620, na vituo vyake vimeachana kwa takribani kilomita 200. Na kituo kuwepo si kusema kiko wazi. Vingi hufungwa usiku.

Halafu kuna suala la saa, lililowahi kunigharimu usingizi. Ukivuka kutoka Australia Magharibi kwenda Australia Kusini, unapita eneo la Eucla ambako wenyeji hutumia saa yao, dakika 45 mbele ya Perth. Simu yako haijui hivyo kila mara. Ukifika kituoni ukakuta kumefungwa na saa yako inasema bado, hujakosea wewe wala hawajakosea wao. Ukiuliza muda wa kufunga, uliza pia kwao saa hizi ni saa ngapi.

Kwenye Great Central Road, ile ya vumbi kutoka Laverton kuelekea mwamba wa Uluru, unaweza kukuta hakuna petroli ya kawaida, bali iitwayo Opal. Usiogope kuijaza. Ilianza kusambazwa mwaka 2005 ikiwa imepunguzwa zile kemikali zinazolevya, kwa sababu vijana wa jamii za wenyeji wa asili walikuwa wakiangamia kwa kuvuta harufu ya petroli. Gari linalotumia petroli ya kawaida linaenda nayo vizuri. Njia hiyo inapita kwenye ardhi za watu hao, kwa hiyo kibali kinaombwa kabla ya safari, na ni haki yao kukuuliza unakwenda wapi.

Sindano ya joto inapanda

Hapa ndipo wasafiri wengi wanaua injini kwa mikono yao, kwa hiyo soma polepole.

Sindano ikianza kupanda ukiwa bado unatembea, zima kiyoyozi, fungua kipasha joto hadi mwisho pamoja na feni yake, shusha madirisha. Utaoga jasho, lakini kipasha joto hicho ni rejeta ndogo ya pili, kinatoa moto kwenye injini na kuuleta kwako. Punguza mwendo. Ikishuka, endelea taratibu hadi mahali pazuri pa kusimama. Isiposhuka, simama, elekeza pua ya gari upande upepo unakotoka, zima, fungua boneti. Mfuniko wa rejeta usiuguse. Subiri hadi uweze kuweka kiganja juu ya hozi ya juu bila kukiondoa kwa maumivu. Kwenye joto la huku hiyo inaweza kuwa saa nzima.

Ukiwa unasubiri, tazama sura ya rejeta kwa mbele. Chanzo kikubwa huku ni mbegu za nyasi. Kuna nyasi zenye miiba ziitwazo spinifex, ambazo huota katikati ya njia, kati ya alama mbili za magurudumu. Gari likizipita, mbegu zinajaa kwenye mapezi ya rejeta mpaka hewa haipiti. Ondoa kwa brashi laini au pulizia kwa kompresa yako ya tairi kutoka upande wa injini kwenda nje. Ukimaliza, lala chini utazame ekzosi na sahani zake za kinga. Nyasi hizo zina utomvu unaowaka haraka, na yako magari yaliyoteketea yote kwa sababu zilijibana juu ya bomba la moto. Kwenye njia zenye nyasi ndefu mimi hukagua kila baada ya nusu saa. Inachosha, lakini siachi.

Rejeta ikiwa safi, fuata mkanda wa feni: umelegea, umekatika? Kisha hozi, kwa kuzibinya zikiwa zimepoa: penye ulaini wa ajabu au chembe nyeupe ndipo panapovuja. Hozi iliyopasuka karibu na klipu, ikate pale penye ufa uirudishe, kama urefu unaruhusu. Ufa wa katikati ufunge kwa utepe wa silikoni unaojishika wenyewe, na ukitembea baada ya hapo, legeza mfuniko wa rejeta nusu ili shinikizo lisiupasue tena. Utaenda pole na utakuwa ukiongeza maji njiani. Hozi zote zikiwa nzima na maji yanaendelea kupungua, shuku wota pampu au gasketi ya silinda hedi. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena. Safari ya gari imeishia hapo, na kazi yako sasa ni kukaa na kuita uokoaji.

Kuna dalili moja inayowadanganya hata wazoefu: sindano iliyokuwa juu inashuka ghafla hadi upande wa baridi. Mtu anashukuru Mungu, anakanyaga mafuta. Ukweli ni kwamba maji yameisha kabisa, na kifaa kinachopima joto kimebaki kwenye hewa tupu. Zima injini papo hapo.

Na joto likipanda pale tu unapokwenda polepole kwenye mchanga huku upepo ukitoka nyuma yako, huenda hakuna kilichoharibika. Upepo wa nyuma unaondoa hewa mbele ya rejeta. Pumzika, endelea jioni kabla giza halijaingia, au asubuhi na mapema.

Usukani unatetemeka, au gari linavuta upande

Baba kila aliposimama, hata kwa chai, alizunguka lori lote akipapasa matairi na vitovu vya magurudumu kwa kiganja. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Sasa nafanya hivyohivyo, na kiganja kimeniokoa mara mbili. Tairi moja likiwa na joto kuliko wenzake, limeanza kupoteza upepo. Kitovu kikiwa cha moto kuliko vingine, beringi inakufa au breki imeshika. Huhitaji kifaa chochote kujua hilo.

Mtetemo ukianza mara tu baada ya kupita tope au lile vumbi laini kama unga linalojaza mashimo, angalia ndani ya rimu. Udongo uliogandia upande mmoja unatosha kuliyumbisha gurudumu. Kwangua, jaribu tena. Ukianza baada ya mwendo mrefu kwenye barabara yenye migongo kama bati, shika spana kwanza: nati za magurudumu hulegea kwa mtikisiko huo. Kaza zote, na uzirudie jioni.

Gari likianza kurukaruka kama mtumbwi, kila shimo likilirusha mara tatu, shokapu zimechemka. Mafuta ndani yake yamekuwa mepesi. Simama nusu saa, ziache zipoe, kisha punguza mwendo. Ukizilazimisha zitapasuka, na gari lenye shokapu zilizokufa linapinduka kirahisi kwenye changarawe.

Pancha nyingi huku husababishwa na upepo mwingi kwenye changarawe, pamoja na kasi. Tairi gumu halijikunji juu ya jiwe, linachomwa nalo. Punguza upepo kwa robo hivi ukiacha lami, na punguza kasi uende nayo sambamba, maana tairi laini likikimbizwa linachemka ubavuni na kupasuka. Hesabu ninayoitumia ni hii: pima asubuhi tairi likiwa baridi, pima tena baada ya saa moja ya mwendo. Gari dogo likiongezeka PSI 4 hivi, au gari zito la fowili PSI 6 hivi, umepatia. Ikizidi sana hapo, ama ulianza na upepo mdogo mno kwa mzigo wako, ama unakimbia.

Kwa njia za vumbi beba spea mbili, kamba za kuzibia tairi, kompresa, geji, na ubao wa kuweka chini ya jeki. Ubao huo usiusahau. Jeki isiyo na ubao kwenye mchanga inazama yenyewe na gari linabaki palepale, nawe huna mwenzako wa kukutafutia jiwe.

Umekwama

Mchanga kwanza. Magurudumu yakianza kuzunguka bila gari kusogea, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Kila sekunde ya kukanyaga unajichimbia. Shuka, toa upepo kwenye matairi yote manne hadi PSI 18, chota mchanga mbele ya kila gurudumu na chini ya tumbo la gari, weka fowili kwenye gia zake nzito, kisha jaribu kurudi nyuma kwa alama zako mwenyewe. Nyuma kumeshashindiliwa, mbele hakujulikani. Ikigoma, shuka hadi PSI 15, chimba tena. Sehemu kubwa ya magari yanayokwama mchangani hutoka kwa kupunguza upepo tu.

Matope ya maziwa ya chumvi ni jambo jingine. Juu kuna ganda jeupe linalong'aa kama sakafu, chini kuna uji. Usiingie kabisa, hata kama kuna alama za gari lililotangulia. Na mvua ikinyesha, njia za udongo hufungwa, mbao za kufunga huwekwa, na faini ya kupuuza ni kubwa. Kaa ulipo, hata kama ni siku nne.

Hapa lazima nitaje watu waliokufa, kwa sababu habari zao zinafundisha kuliko maelezo yangu yote. Desemba 1963, familia ya watu watano iliyokuwa imehamia kutoka Uingereza iliacha gari lake kwenye Birdsville Track ikaenda kwa miguu. Wote walikufa kwa kiu. Desemba 1998, wapenzi wawili kutoka Austria walikwamisha gari mchangani karibu na Kati Thanda, lile ziwa la chumvi lililo mahali pa chini kuliko pote Australia. Walisubiri siku kadhaa, kisha wakaondoka kwa miguu na maji yao. Mwanamume alichoka akarudi kwenye gari. Yeye alipatikana hai. Mwanamke aliendelea, akafa njiani.

Ukiwa umekulia kwetu, kutembea ndiyo akili ya kwanza: nyumba iko mbele tu, hapo kilimani. Huku hakuna nyumba hapo kilimani. Gari lina kivuli, lina vioo vya kumulika, lina rangi inayoonekana toka angani, na barabarani ndiko watafutaji wanakoanzia. Mtu mmoja anayetembea kwenye uwanda ule, ndege inaweza kupita juu yake isimwone. Fungua boneti, iache wazi, hiyo ni ishara ya shida inayoeleweka huku. Tandika turubai upande wa kivuli, chimba kidogo ulale penye udongo wa baridi, fanya kazi yoyote ya nguvu alfajiri au usiku. Tairi la spea likichomwa linatoa moshi mweusi unaoonekana mbali sana, lakini litoe upepo kwanza, na lichome mbali na gari na nyasi.

Unageuza ufunguo, inalia "tik" halafu kimya

Mara nyingi ni vichwa vya betri vilivyolegezwa na mtikisiko. Zungusha kwa mkono, kikicheza, umepata. Safisha unga mweupe, kaza. Ikigoma na taa zinafifia, betri imelala, na gari la otomatiki halisukumiki hata mngekuwa kumi. Kwa msafiri wa peke yake, kile kibetri kidogo cha kuwashia gari ndicho mwenzake wa kusukuma. Kichaji kila unapolala penye umeme, na usikiache kwenye dashibodi juani. Taa ziking'aa vizuri lakini bado inalia "tik", gonga stata kidogo kwa mpini wa spana huku ufunguo ukiwa umezimwa, kisha jaribu tena. Ikiwaka, usizime hadi ufike.

Gari limepoteza nguvu, linatoa moshi mweusi

Vumbi. Fungua kichujio cha hewa, kigonge kwenye kiganja, kipulizie kutoka ndani kwenda nje, au weka kipya ulichobeba. Kama ni dizeli na taa ya maji kwenye mafuta imewaka, fungulia kichujio cha mafuta chini, mwaga mpaka dizeli safi itoke.

Dalili zilizo mwilini mwako

Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa kunywa. Kichwa kikigonga, ukiwa na hasira zisizo na sababu, ukiwa huna njaa mchana kutwa, simama kivulini unywe maji kidogo kidogo pamoja na chumvi: pakiti za chumvi na sukari za dukani, au karanga zenye chumvi na maji. Maji matupu mengi kwa mkupuo yanaweza kukudhuru nayo. Ukiona hujui umetoka wapi, ngozi ni ya moto na kizunguzungu kimekushika, hilo ni joto limeingia mwilini na ni dharura ya kuita msaada: lala kivulini, lowesha nguo, pepea. Oodnadatta ilipimwa nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960. Miezi ya Desemba hadi Februari mimi sipiti njia za vumbi peke yangu, wala simshauri mtu.

Usingizi una dalili zake: umepita kibao na hukumbuki kilichoandikwa, unasahihisha usukani mara kwa mara, unapiga miayo mfululizo. Kahawa haitibu. Lala dakika 20 nje ya barabara, na simama kila saa mbili hata kama hujachoka. Barabara iliyonyooka inachosha kuliko ya milima, na mtu wa peke yake hana wa kumwambia "dereva, umesinzia".

Jua likikaribia kuzama, tafuta pa kulala. Kangaruu, ng'ombe na ngamia huja barabarani machweo, usiku na alfajiri. Ngamia hao ni wazao wa walioletwa karne ya 19 kubebea mizigo, na mwili wake wote uko usawa wa kioo chako. Mnyama akitokea, funga breki ukiwa umenyoosha usukani. Kumkwepa kwa ghafla ndiko kunakopindua.

Malori ya matela matatu na zaidi hufika mita 53.5. Ukutanapo nalo kwenye vumbi, jitoe pembeni usimame hadi vumbi litulie, maana nyuma yake anaweza kuwepo mwenzake. Kulipita, subiri uone zaidi ya kilomita moja tupu mbele yako.

Simu haina mtandao

Hiyo ndiyo hali ya kawaida, kwa hiyo usiihesabu simu kama kifaa cha uokoaji. Namba ya dharura ni 000, na inapita kwenye mtandao wowote uliopo, ila pasipo na mtandao wowote haiendi. Beba vitu viwili. Cha kwanza ni redio ya UHF: madereva wa malori wanasikiliza chaneli 40, na chaneli 5 ni ya dharura. Inafika kilomita chache tu, lakini lori likipita linakusikia. Cha pili ni bikoni binafsi ya kuita uokoaji kwa setilaiti, inayotumia masafa ya 406 MHz. Isajili kabla ya safari. Usajili ni bure, na ndio unaowaambia waokoaji wewe ni nani na wampigie nani. Ukiiwasha, iache wazi ikiona anga, usiizime ukidhani haifanyi kazi, wala usihame nayo.

Iwashe lini? Maisha yanapokuwa hatarini: umeumia, maji hayatatosha hadi gari jingine lipite, umeumwa na nyoka. Kwa nyoka, usikate wala usioshe jeraha. Funga bandeji pana na ya kubana kuanzia kwenye jeraha, kisha kiungo chote, weka gongo kisikunjike, ulale bila kutembea. Madaktari wa ndege, huduma iliyoanza Cloncurry mwaka 1928, ndio hospitali ya watu wa huku. Kwenye Eyre Highway, ile inayopita Nullarbor, utaona vipande vya barabara vilivyochorwa alama za kutua ndege: ni viwanja vyao. Usiegeshe hapo hata kidogo.

Chakula chako kimechukuliwa njiani

Matunda na mboga havivuki kati ya Australia Magharibi na Australia Kusini, na asali haiingii Australia Magharibi. Ukienda magharibi utakaguliwa mpakani Border Village, ukienda mashariki utakaguliwa Ceduna. Panga chakula kikavu kwa sehemu hiyo.

Umefika salama, nao wanakutafuta

Hili lilinipata siku ileile ya pancha. Nilikuwa nimemwachia dada yangu ratiba: njia, vituo, rangi ya gari, na saa ambayo asipopata neno langu apige simu polisi. Nilifika Marla nimechelewa kwa sababu ya tairi, nimejaa vumbi hadi masikioni, nikaenda kuoga, nikala, nikasinzia. Simu ilipolia, dada alikuwa analia, na polisi walikuwa wameshaanza kuulizia kwenye vituo. Chanzo kilikuwa mimi. Watu wale wana eneo kubwa kuliko mkoa wowote wa kwetu, na jioni ile huenda kulikuwa na mwingine aliyewahitaji kweli.

Tangu siku hiyo, injini ikizimwa naandika kabla sijafungua mlango. Ujumbe hauna salamu ndefu: "Dada, nimefika Marla saa kumi na mbili jioni. Nalala hapa. Kesho naondoka saa moja asubuhi kwa lami, Alice Springs kabla ya saa tisa mchana. Usiponisikia hadi saa kumi na moja, wapigie." Nasubiri ajibu "nimepata", ndipo nashuka kupapasa matairi.